Usimketishe mzazi mkongwe, mpeleke mazoezini

KATIKA familia nyingi za mijini, siku ya kumleta mama mzee kutoka mashambani huwa ya furaha. Watoto wamechanga pesa, chumba kimetengwa na kitanda kimenunuliwa. Mama anapoinuka kwenda kuosha vyombo, binti yake humzuia: “Mama, keti. Umefanya kazi ya kutosha maishani.”

Mama huketi. Huletewa chai pale pale, huletewa maji ya kunawa na kuwashiwa televisheni. Nyumba iko orofa ya nne na ngazi ni nyembamba, kwa hivyo hashuki ila siku ya kwenda kanisani au kliniki. Baada ya miezi michache, mwanamke aliyekuwa akibeba kuni na kupanda mlima kwenda shambani anahitaji kushikwa mkono ili atoke kwenye kochi. Watoto husema ni uzee.

Mara nyingi si uzee pekee. Ni kuketi.

Jambo hili linahusu watu wengi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kwa wengi wao, uwezo wa kuinuka, kutembea na kupanda ngazi bila msaada ndio unaoamua kama wataishi kwa heshima yao au watamtegemea mtu mwingine hata kwa kwenda msalani. Habari njema ni kwamba uwezo huo unaweza kulindwa, na hata ukipotea, sehemu yake inaweza kurudishwa. Njia mojawapo isiyo na gharama kubwa ni mazoezi ya pamoja mtaani.

KINACHOTOKEA MWILINI

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole baada ya miaka 30 hivi, na kasi hiyo huongezeka mtu anapopita umri wa miaka 60. Misuli ya mapaja na ya makalio, ambayo hutuinua kutoka kitini, ndiyo ambayo wazee huhisi upungufu wake mapema. Mifupa nayo hupoteza uzito, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Macho, masikio ya ndani na nyayo, ambavyo huujulisha ubongo mwili umesimama vipi, hupunguza ukali wake.

Hayo yote ni ya umri. Lakini kukaa bila kazi huyaharakisha mno. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007, watu wazima wenye afya, wa umri wa wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani kwa siku 10 tu. Kwa muda huo mfupi walipoteza takriban kilo moja ya misuli ya miguu. Hawakuwa wagonjwa, walilazwa tu. Hebu fikiria mzee aliyeketi miezi sita.

Miguu ikidhoofika, kinachofuata ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wengi wao ni wenye zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika mfupa wa nyonga, huenda akahitaji upasuaji, na akilala kitandani kwa muda mrefu anaweza kupata nimonia, vidonda vya mgongoni au damu kuganda miguuni. Hata asipovunjika kitu, huingiwa na hofu. Hofu humfanya aketi zaidi, kuketi humdhoofisha zaidi, na kudhoofika humfanya aanguke tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

JE, MTU MZEE ANAWEZA KUPATA NGUVU TENA?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba mwili wa mkongwe haufundishiki. Sayansi imeonyesha vingine.

Mwaka wa 1990 Dkt Maria Fiatarone na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Wazee 10 walijitolea, umri wao ukiwa wa wastani wa miaka 90. Kwa majuma manane walifanya mazoezi ya kunyanyua uzani kwa miguu. Waliokamilisha waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia bakora.

Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka wa 2014, ulifuatilia watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 kwa zaidi ya miaka miwili. Nusu walifanya mazoezi ya kutembea, nguvu na usawa wa mwili; nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya tu. Waliofanya mazoezi walipunguza kwa asilimia 18 hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea mita 400. Mita 400 kwa mkazi wa mjini ni mwendo wa kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu. Anayeweza kuutembea anaweza kwenda sokoni, kanisani, msikitini na kliniki. Asiyeweza hubaki ndani.

KUTEMBEA PEKEE HAKUTOSHI

Wasomaji wengi watasema: “Baba yangu hutembea kila asubuhi.” Hilo ni jema kwa moyo, kwa shinikizo la damu na kwa sukari. Lakini kwa kuzuia kuanguka, kutembea peke yake hakujathibitishwa kuwa dawa.

Mwaka wa 2019 wataalamu walijumlisha matokeo ya majaribio 108 yaliyohusisha zaidi ya watu 23,000 kutoka nchi 25. Waligundua kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyofaa zaidi ni yale yanayoufundisha mwili kutopepesuka pamoja na matendo ya kila siku kama kuinuka kitini, hasa yanapochanganywa na mazoezi ya nguvu.

Kwa hivyo, mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2020 unawashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye mambo matatu: mwendo wa wastani wa dakika 150 hadi 300 kwa juma, mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa juma, na mazoezi ya usawa na nguvu kwa pamoja angalau siku tatu kwa juma. Mwendo wa wastani ni ule unaokufanya upumue kwa haraka lakini bado unaweza kuzungumza. Asiyeweza kufikia kiwango hicho afanye awezalo. Kidogo ni bora kuliko kukosa.

KWA NINI PAMOJA?

Mtu anaweza kufanya mazoezi haya chumbani mwake. Nchini New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago walibuni katika miaka ya 1990 mpango wa mazoezi ya nyumbani ambao ulipunguza kuanguka miongoni mwa wenye miaka 80 na zaidi. Lakini huko, mtaalamu aliwatembelea wazee nyumbani na kuwapigia simu. Mzee wetu anayeachiwa karatasi ya mazoezi bila mtu wa kumfuatilia huiacha baada ya juma la pili.

Kikundi hutatua shida hiyo. Asiyefika huulizwa. Anayekosea hurekebishwa. Zaidi ya hayo, wazee wengi wa mijini wana ugonjwa mwingine usiopimwa kwa mashine, nao ni upweke. Wamewaacha majirani na wenzao wa kanisa kule mashambani, na mjini hawamjui mtu. Wengine huja kwa ajili ya mazungumzo, na miguu hufaidika.

Mifano ipo. Nchini Japan, mazoezi mafupi yamekuwa yakitangazwa redioni tangu mwaka wa 1928, na wazee hukusanyika katika bustani asubuhi kuyafuata. Katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya kandanda ya wanawake wakongwe iitwayo Vakhegula Vakhegula, ambayo mwaka wa 2010 ilisafiri hadi Marekani kucheza. Hapa kwetu, nyanya wa Korogocho jijini Nairobi walijulikana kwa kukutana kujifunza kurusha makonde na mateke ili kujikinga dhidi ya wabakaji. Shida iliyowakusanya ilikuwa ya kuhuzunisha, lakini walituonyesha kwamba mwanamke wa miaka 70 anayeishi kwenye mtaa wa mabanda anaweza kuhudhuria mazoezi kila juma pasipo ukumbi wa kifahari.

KABLA YA KUANZA

Karibu kila mzee anaweza kufanya zoezi la aina fulani. Hata hivyo, wafuatao wamwone daktari au afisa wa kliniki kwanza: aliye na maumivu ya kifua au anayeishiwa pumzi akitembea polepole, anayezirai au kupata kizunguzungu, aliyeanguka zaidi ya mara moja katika mwaka uliopita, aliyefanyiwa upasuaji au kupata kiharusi hivi karibuni, na ambaye shinikizo lake la damu halijadhibitiwa. Mtu ambaye siku hiyo kipimo chake kimefika 180 kwa 110 asifanye mazoezi, bali apelekwe kituo cha afya.

Mwenye ugonjwa wa kisukari anayetumia insulini au tembe za kupunguza sukari asije na tumbo tupu. Abebe peremende au glukosi mfukoni, na akaguliwe nyayo, kwani huenda ana kidonda asichokihisi. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asiiname mbele kwa nguvu wala kujipinda kiuno.

Anayeumwa na magoti asikae kando. Misuli ya paja ikipata nguvu, hulipunguzia goti mzigo. Kanuni rahisi ni hii: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, lakini yakizidi au yakidumu zaidi ya saa mbili baadaye, siku inayofuata punguza.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka wa 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu na kifaa cha kupima sukari, wanaweza kualikwa kupima wanachama. Zungumza na yule anayehudumu katika mtaa wako.

SAA MOJA YA MAZOEZI

Kinachohitajika ni uwanja ulio tambarare, kivuli, na kiti imara kwa kila mtu. Kiti kisiwe na magurudumu, na kama ni cha plastiki chepesi, kiegemezwe ukutani. Mavazi yasibane, lakini leso isiburuzwe chini. Viatu viwe vya kufunga au raba zinazokaa vyema mguuni. Patipati ziachwe nyumbani.

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha mwili moto. Simameni, pigeni hatua papo hapo, zungusheni mabega, inueni mikono. Wimbo unaojulikana na wote husaidia kushika mwendo.

Dakika 20 zinazofuata ni za nguvu:

1. Kuinuka kitini. Keti mbele kidogo ya kiti, nyayo chini, inama kidogo, inuka hadi usimame wima, kisha keti polepole bila kujitupa. Mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Asiyeweza asukume kwa mikono au aongezewe mto kitini.

2. Kuinua visigino. Shika mgongo wa kiti, simama kwa vidole vya miguu, hesabu tatu, teremka. Kisha fanya kinyume chake, ukiinua vidole na kubaki kwa visigino. Mara 10 kila upande.

3. Kuinua mguu kando. Shika kiti, inua mguu mmoja upande bila kupinda kiuno, rudisha. Mara 8 hadi 10 kila mguu. Likiwa jepesi, funga kwenye kifundo mfuko mdogo wa kitambaa wenye mchanga wa nusu kilo.

4. Kunyanyua kwa mikono. Shika chupa ya nusu lita iliyojaa maji kwa kila mkono, kunja kiwiko, kisha nyoosha juu kadiri unavyoweza.

Katika mazoezi yote haya, usizuie pumzi. Toa pumzi unapojitahidi. Mwalimu awatake wahesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Dakika 15 ni za usawa wa mwili. Anzeni na kusimama miguu ikiwa pamoja kwa sekunde 10. Kisha mguu mmoja usogezwe mbele nusu. Kisha kisigino cha mmoja kiguse vidole vya mwingine, mithili ya mtu aliyesimama juu ya uzi. Mwisho, mguu mmoja. Kila hatua ifanywe karibu na kiti au ukuta, na wasaidizi wasimame nyuma ya wale wanaoyumba. Asiyeiweza hatua moja asiipite. Baadaye tembeeni kando, na kuvuka vijiti vilivyolazwa chini, kwa kuwa mitaro na mawe ya njia zetu yanataka miguu inayoinuliwa.

Dakika 10 ni za kutembea kuzunguka uwanja, wawili wawili, wakiongea. Tano za mwisho ni za kunyoosha viungo na kupumua polepole. Kisha maji, na kama mfuko unaruhusu, chai.

Zoezi likikoma kuwa gumu, liongezwe. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Hunyoosha mikono na kuimba mwaka mzima, kila mtu akafurahi, lakini misuli haipati sababu ya kukua. Mwalimu aulize: “Mngeweza kuongeza mara tano zaidi?” Wakisema ndiyo kwa urahisi, uzani ni mdogo.

KUANZISHA KIKUNDI MTAANI

Msianze na jukwaa na fulana. Anzeni na watu wanane na mahali pa bure: ua wa kanisa au msikiti, uwanja wa shule siku ya Jumamosi, ukumbi wa kijamii au nafasi ya kuegesha magari ya ploti yenu wakati magari yameondoka. Kukutana mara mbili kwa juma kunatosha, mradi kila mmoja afanye mazoezi ya kiti nyumbani siku nyingine. Chagueni saa tatu asubuhi, wakati njia hazina umande wala msongamano.

Tafuteni mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya karibu aje mara moja kwa mwezi kuwafunza viongozi wawili au watatu. Wawili ni lazima. Kikundi chenye kiongozi mmoja hufa siku anapohama au kuugua. Wekeni daftari lenye jina la kila mwanachama, dawa anazotumia na nambari ya simu ya mtu wake wa karibu.

Pesa nazo ziangaliwe. Kikundi kinachoanza kwa kugawa unga na sukari hujaa upesi, na msaada ukikoma hubaki mtupu. Afadhali chama cha wazee wenyewe, wachange kidogo kidogo kwa ajili ya viti na chai. Wengi wamezoea vyama tangu ujana wao, na chama huwarudisha kwenye mkutano hata siku wasipotaka mazoezi.

Kikwazo kikubwa cha mijini hakihusu pesa. Ni sisi watoto wao. Nyanya analetwa mjini akiambiwa apumzike, lakini saa mbili asubuhi anaachiwa mjukuu na funguo. Hawezi kwenda popote. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, mruhusu aende na mtoto. Kikundi kitatafuta msichana mmoja wa kuwaangalia watoto saa hiyo moja. Wengine huona haya mzazi wao akionekana akiruka-ruka uwanjani. Wajiulize kama wataona fahari akisukumwa kwa kiti cha magurudumu.

Wanaume wazee ni wagumu zaidi kuvutwa. Wengi hawaji kwa jambo linaloitwa mazoezi, lakini huja kwa mashindano. Wape kuhesabiana nani ameinuka kitini mara nyingi zaidi, na bao au drafti baadaye.

JIPIME NYUMBANI

Jinsi ya kujua kama mzazi wako anahitaji msaada? Weka kiti kisicho na mikono ukutani. Mwambie akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Simama karibu naye. Mwanamke wa miaka 70 hadi 79 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 12, ana nguvu pungufu ya wastani na yumo katika hatari ya kuanguka. Asiyeweza kuinuka bila mikono huhesabiwa sifuri.

Kipimo cha pili: aketi, ainuke, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, apelekwe kwa mtaalamu. Andika matokeo na tarehe, na urudie baada ya miezi mitatu. Wazee wengi huendelea na mazoezi kwa sababu waliona nambari yao ikipanda kutoka tano hadi tisa.

Kumbuka pia kwamba faida hizi huisha mazoezi yakikoma. Misuli haina akiba. Vilevile misuli haijengwi kwa chai na mkate. Mzee ale maharagwe, ndengu, omena, mayai au maziwa kila siku. Na nyumbani, ondoa zulia linaloteleza, weka taa njiani kwenda msalani na mpini wa kushika bafuni. Anayetumia dawa za shinikizo la damu aketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama asubuhi.

Kwa hivyo, mama akiinuka wikendi hii kwenda kuosha vyombo, usimzuie. Mwache aoshe. Akimaliza, mshike mkono mshuke ngazi pole pole, mwende mkatafute wenzake. Kumheshimu mzazi si kumfanyia kila kitu, bali ni kumsaidia aendelee kujifanyia mwenyewe.